Keto kwa kijana mwanamichezo: mwongozo kamili, kuanzia vipimo hadi sahani ya siku ya mazoezi

Mlo wa keto ulizaliwa hospitalini. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza mlo wenye mafuta mengi na wanga kidogo mno kwa wagonjwa wa kifafa. Ilikuwa imekwisha kuonekana kwamba mgonjwa akifunga kula, degedege hupungua. Wilder alitaka mwili uendelee kutengeneza ketoni, yaani nishati ambayo ini huitoa kwenye mafuta, bila mgonjwa kushinda na njaa. Leo mlo huohuo unasifiwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo kama njia ya kukata mafuta na kuongeza pumzi.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kijana mwenye afya njema, ambaye bado anakua na anafanya mazoezi makali, asifuate keto kamili. Kijana aliyeandikiwa mlo huo na daktari anaweza kuufuata na bado akacheza, kwa masharti tutakayoyaeleza. Na yule anayetamani kile ambacho keto inaahidi, yaani sukari kidogo, mwili mwepesi na nguvu zisizokatika katikati ya mchezo, atakipata kwa njia nyingine: kupanga wanga ufuate mazoezi. Hiyo ndiyo sehemu ndefu kuliko zote hapa chini.

Keto ni nini kwa hesabu

Keto inayofuatwa na watu wengi huruhusu gramu 20 hadi 50 za wanga kwa siku, na asilimia 70 hadi 80 ya nishati hutoka kwenye mafuta. Ndizi mbili za wastani zina gramu 54 za wanga, kwa hiyo ukizila tu umeshavuka mpaka. Wanga ukipungua kiasi hicho, ini huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, na kipimo cha damu husoma kati ya milimoli 0.5 na 3 kwa lita.

Mwili huhifadhi wanga kama glaikojeni: mtu mzima huwa na gramu 300 hadi 500 kwenye misuli na takriban 100 kwenye ini. Kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ghala hilo likiisha, maji yake nayo hutoka. Ndiyo maana kilo mbili hupotea wiki ya kwanza, kijana akashangilia mzani, na mafuta yake karibu yote yako palepale.

Kinachoharibika uwanjani, na kwa nini

Tazama zoezi la kawaida: mbio sita za mita 30, mapumziko sekunde 30 kila moja. Kijana aliye kwenye keto hukimbia ya kwanza na ya pili kama wenzake. Ya nne anachelewa hatua moja. Ya tano miguu imekuwa mizito, mikono inapunga kwa nguvu lakini mwili hauendi. Hajawa mvivu. Mbio fupi zinazorudiwa huendeshwa kwa sehemu kubwa na glaikojeni, kwa sababu mafuta hayawezi kutoa nishati kwa kasi inayotakiwa.

Wengi hujibu kwamba mwili ukizoea, tatizo huisha. Si kweli kwa kasi ya juu. Mwili uliozoea mafuta hupunguza kazi ya kimeng'enya kinachoingiza wanga kwenye mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, ili uchomwe. Kwa hiyo hata ukila wali usiku wa kuamkia mechi, ghala litajaa lakini mlango wake utafunguka nusu. Hapo ndipo mbinu ya "keto wiki nzima, wanga siku ya mechi" inapokwama.

Michezo ya mwendo mrefu nayo haiponi. Mwaka 2017 Louise Burke na wenzake nchini Australia walichapisha utafiti juu ya watembea kwa kasi wa kiwango cha dunia. Baada ya wiki tatu za mazoezi makali, waliokula wanga waliboresha muda wao wa kilomita 10. Waliokula mafuta mengi hawakuboresha, ingawa uchomaji wao wa mafuta ulipanda mno. Sababu ni kwamba mafuta hudai oksijeni zaidi kuliko wanga kwa kiasi kilekile cha nishati. Ukiwa tayari unahema kwa nguvu zote, hiyo oksijeni ya ziada huna pa kuitoa.

Kwa kijana kuna la ziada. Watoto na vijana wanaobalehe tayari huchoma mafuta kwa uwiano mkubwa kuliko watu wazima wakiwa mazoezini. Kumfundisha mwili wake "kuchoma mafuta" ni kumfundisha samaki kuogelea.

Halafu kuna mifupa. Miaka michache ya kurefuka kwa kasi ndiyo mfupa hujijengea sehemu kubwa ya akiba yake ya maisha, na watoto waliokaa kwenye keto ya kifafa kwa muda mrefu wameonekana kupungua kasi ya kurefuka na wengine kupata mawe kwenye figo. Wao hubeba hatari hiyo kwa sababu degedege ni hatari kubwa zaidi. Anayetaka tu kuonekana misuli ya tumbo hana hesabu ya namna hiyo.

Hatua ya 1: Jibu swali moja kwa ukweli

Unataka keto kwa nini? Andika sentensi moja kwenye karatasi.

"Daktari ameniandikia kwa ajili ya kifafa" au kwa upungufu wa GLUT1, tatizo la kurithi ambapo sukari haipenyi vizuri hadi kwenye ubongo: fanya vipimo vya hatua ya 2, kisha nenda hatua ya 3.

"Nataka kupungua uzito" au "naishiwa nguvu kipindi cha pili" au "nakula sukari mno": fanya vipimo vya hatua ya 2, kisha nenda hatua ya 4.

"Kocha ameniambia nipungue": mpeleke kocha kwa mzazi na daktari kabla ya kubadilisha hata mlo mmoja. Kijana anayekua huongezeka uzito kwa sababu anakua, na kuuzuia ni kuzuia mfupa na misuli.

Kama una kisukari cha aina ya kwanza, usijaribu keto kwa uamuzi wako. Ketoni zikipanda huku insulini haitoshi, damu hugeuka kuwa na asidi na hali hiyo huua. Wenye historia ya kujinyima kula, kutapika kwa makusudi au kuogopa vyakula fulani nao wakae mbali na mlo wowote wa makatazo. Keto huwapa kisingizio kinachoheshimika.

Hatua ya 2: Vipimo kabla ya kubadilisha chochote

Mwone daktari, na ikiwezekana mtaalamu wa lishe ya michezo. Omba yafuatayo:

- Urefu na uzito vikichorwa kwenye chati ya ukuaji, kisha kila miezi mitatu. Namba ya siku moja haisemi kitu. Mstari ndio husema.
- Hemoglobini pamoja na feritini. Feritini huonyesha akiba ya madini ya chuma, nayo hushuka mapema kuliko hemoglobini. Vijana wengi wanaodhani wanahitaji keto kwa sababu wamechoka, kumbe akiba ya chuma imekauka.
- Vitamini D.
- Kwa msichana: tarehe za hedhi za miezi sita iliyopita. Hedhi iliyokosekana miezi mitatu mfululizo, au ambayo haijaanza hadi miaka 15, ni sababu ya kumwona daktari. Usiikubali kama "kawaida ya wanamichezo".

Kwa anayeanza keto ya matibabu huongezwa vipimo vya lehemu, figo, ini, na uchunguzi wa magonjwa ya kurithi yanayozuia mwili kuchoma mafuta. Mwenye ugonjwa wa aina hiyo akiwekwa kwenye keto anaweza kuzimia au kufa, kwa hiyo kipimo hiki hakirukwi.

Hatua ya 3: Kama keto ni dawa yako

Keto ya hospitali hupimwa kwa uwiano. Uwiano wa 4 kwa 1 maana yake gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga vikijumlishwa, na asilimia 90 ya nishati hutoka kwenye mafuta. Kwa vijana madaktari wengi hutumia aina iliyolegezwa, ambayo hubana wanga kwenye gramu 10 hadi 20 kwa siku lakini haipimi protini. Kwa mwanamichezo hiyo ya pili ni afadhali, kwa kuwa misuli inahitaji protini ya kutosha. Uliza kama inakufaa, usijibadilishie.

Kuanza hufanywa nje ya msimu. Wiki mbili za kwanza fanya mazoezi mepesi tu. Insulini ikishuka, figo hutoa chumvi nyingi kwenye mkojo, na hapo ndipo kizunguzungu unaposimama, kichwa kuuma na misuli kukaza hutokea. Timu yako ya matibabu itakuambia uongeze chumvi kiasi gani. Mchuzi wenye chumvi saa moja kabla ya mazoezi huwasaidia wengi. Maji yanywewe siku nzima, maana mkojo mzito ndio huzaa mawe ya figo. Daktari anaweza pia kukupa sitreti ya potasiamu kuyazuia. Multivitamini, kalisiamu na vitamini D si hiari: kijana huhitaji miligramu 1,300 za kalisiamu kwa siku, na keto haifikishi.

Kocha apewe barua fupi yenye mambo matatu. Kwanza, asikupe kinywaji cha michezo wala peremende bila sababu. Kinywaji kimoja tu chaweza kuvunja ketosisi, yaani hali ya mwili kuendeshwa na ketoni, na kurudisha degedege. Pili, dalili za sukari kushuka: jasho baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupauka. Tatu, afanye nini zikitokea, kwa kiasi kilichoandikwa na daktari wako. Usiogelee wala kupanda ukuta bila mtu anayekuangalia wewe peke yako.

Tahadhari inayosahaulika ni dawa za maji. Dawa nyingi za kikohozi na homa zina sukari. Mwambie mfamasia kabla hajakupa. Ukitapika au kushindwa kula siku ya ugonjwa, piga simu kwa timu yako siku hiyohiyo. Na mlo huu hauachwi ghafla: huondolewa pole pole chini ya daktari.

Chagua matarajio yako vilevile. Mchezo wa mwendo wa kadiri na wa ufundi utakuendea vizuri kuliko mbio za mita 400.

Hatua ya 4: Wanga ufuate mazoezi

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa kila kijana asiye na sababu ya kitabibu. Kanuni ni nyepesi: siku nzito wanga mwingi, siku nyepesi wanga wa wastani, na wanga mwingi zaidi ukae karibu na saa za mazoezi. Vitamu na soda vipungue kwa sababu nafasi yake imechukuliwa na chakula.

Vipimo kwa kila kilo ya uzito wa mwili:

- Siku ya mapumziko au mazoezi mepesi: gramu 3 hadi 5 za wanga.
- Siku yenye saa moja ya mazoezi ya kawaida: gramu 5 hadi 7.
- Siku yenye saa moja hadi tatu za mazoezi makali: gramu 6 hadi 10.
- Protini siku zote: gramu 1.2 hadi 2, ikigawanywa kwenye milo minne hivi. Kula nyama yote usiku mmoja hakuleti faida ileile.

Tuchukue kijana wa kilo 55 ambaye ana mazoezi makali ya dakika 90 saa kumi na nusu jioni. Gramu 6 kwa kilo ni gramu 330 za wanga. Namba inatisha mpaka uione kwenye sahani:

Asubuhi: nusu kikombe cha oti kavu kikipikwa kwa bilauri ya maziwa, ndizi moja, mayai mawili. Wanga gramu 66 hivi.

Mchana: vikombe viwili vya wali uliopikwa, nusu kikombe cha maharage, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, mboga. Gramu 118.

Saa tisa na nusu: vipande viwili vya mkate na ndizi. Gramu 57. Hii ni karibu gramu 1 kwa kila kilo, kiasi kinachofaa saa moja kabla. Chakula cha saa hii kisiwe na mafuta mengi; karanga na vitu vya kukaanga hukaa tumboni na kupanda kooni ukianza kukimbia.

Mara baada ya mazoezi: bilauri mbili za maziwa. Gramu 24 za wanga, na protini gramu 16, kiasi ambacho misuli ya kilo 55 inakihitaji kwa mkupuo mmoja.

Usiku: viazi viwili vya kuchemsha, kuku, mboga, nusu parachichi. Gramu 67.

Jumla gramu 332. Siku ya mapumziko toa ile ya saa tisa na nusu, punguza wali uwe kikombe kimoja na kiazi kiwe kimoja, kisha ongeza mboga na parachichi. Umebaki na gramu 200 hivi, na hakuna chakula kilichopigwa marufuku. Anayependa keto kwa ajili ya parachichi, mayai, samaki na karanga avile vyote, vimo humu.

Usigeuze hesabu hii kuwa daftari la kila siku. Ifanye mara moja ili uone ukubwa wa sahani, kisha tumia macho: siku nzito nusu ya sahani ni wanga, siku nyepesi robo. Kijana anayepima kila punje kwa mizani ya jikoni ameshaingia tatizo jingine.

Mechi ikizidi saa moja na nusu, au mashindano ya siku nzima, ongeza gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa: ndizi moja hadi mbili. Ukiwa na mechi mbili siku moja, lenga gramu 1 kwa kilo kila saa katika saa za mwanzo baada ya ile ya kwanza. Vijaribiwe mazoezini kwanza. Siku ya fainali tumbo halipokei wageni.

Neno juu ya vitafunwa vyenye maandishi "keto" kwenye karatasi. Geuza upande wa nyuma usome viungo. Malititoli na soribitoli ni vitamu ambavyo utumbo hauvifyonzi vizuri. Vipande viwili kabla ya mechi vinatosha kukupeleka chooni wakati wenzako wanapasha misuli.

Hatua ya 5: Dalili za kuchunguza kila wiki

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitambua rasmi hali inayompata mwanamichezo ambaye chakula chake hakitoshelezi mazoezi pamoja na uhai wa kawaida. Mwili huanza kufunga taa chumba kimoja baada ya kingine: homoni, mifupa, kinga, hisia. Keto huvutia hali hii kirahisi kwa sababu mafuta na ketoni hukata hamu ya kula, na kijana hushiba kabla hajatosheka.

Mzazi aangalie: mafua yasiyoisha, baridi wakati wengine wanaona joto, hasira, usingizi mbovu, choo kigumu, kasi ya mbio inayoshuka licha ya juhudi, kukwepa kula na wenzake. Maumivu ya mfupa wa muundi yaangaliwe kwa kidole gumba: bonyeza ukifuata mfupa kutoka goti hadi kifundo. Maumivu yaliyosambaa kwa kawaida ni uchovu wa misuli na utando wake. Maumivu makali kwenye sehemu moja ndogo kama sarafu ni shaka ya ufa wa mfupa. Mazoezi yasimame hadi daktari aone.

Kutapika kusikokoma, kuhema kwa kina na kwa haraka bila mazoezi, kuchanganyikiwa au kuzimia: hospitali, muda huohuo.

Hatua ya 6: Kama ulishaanza keto na unataka kutoka

Hii ni kwa aliyejianzishia mwenyewe. Kama umepungua uzito mwingi au ulikuwa unakula kidogo sana kwa wiki kadhaa, mwone daktari kwanza, kwa sababu kurudisha chakula kwa kishindo kunaweza kuvuruga madini ya damu na mapigo ya moyo.

Wengine waanze na wanga wa karibu na mazoezi: ndizi kabla, maziwa na mkate baada, kwa siku tatu. Siku tatu zinazofuata ongeza wali au viazi mchana. Wiki ya pili ongeza asubuhi. Maharage na dengu vije mwisho na kwa kijiko, la sivyo gesi itakuadhibu.

Mzani utapanda kilo moja au mbili ndani ya siku chache. Ni glaikojeni na maji yake yanayorudi ghalani, yaleyale yaliyoondoka wiki ya kwanza, kwa hiyo ficha mzani wiki hizo. Miguu huanza kuitika ndani ya wiki moja hadi mbili, na utaiona kwenye ile mbio ya tano ya mita 30. Hedhi iliyopotea huchelewa zaidi, pengine miezi kadhaa, na katika muda huo wote chakula kisipunguzwe hata kama kasi imesharudi.